Deni la Gramu

Si mimi niliyemtafuta.
Gela alihamisha gunia la mwisho la unga
na nyuma yake palikuwa na kitu kinalia
kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.
Tukamngoja mama yake mpaka mikate ya alfajiri ikaisha.
Theluji ya uani haikuwa na unyayo hata mmoja.

Nikakiweka kwenye mizani ya unga,
kwa kuwa ndiyo mizani niliyo nayo:
gramu mia moja na kumi na mbili.
Donge la mkate mmoja ni mia tano.
Miaka thelathini na moja mikono hii hukata donge bila kukosea,
na sasa inatetemeka
kwa kitu kisichotosha hata kuitwa kombo.

"Maziwa ya ng'ombe yatamuua," Daktari Lamara alisema kwenye simu,
akiwa zizini kwa watu, ng'ombe nyuma yake akiafiki.
"Nunua ya kopo. Mlaze kifudifudi,
usimpakate chali kama mtoto wa mtu.
Kila baada ya saa tatu. Na akishashiba
mpanguse huku nyuma kwa pamba yenye maji vuguvugu,
bado hajui kukojoa peke yake."
Nikauliza: mimi?
Akasema: Tariel, kwani nani mwingine hukesha Kutaisi nzima?

Basi, mikate ubavuni mwa tanuri,
yeye kikapuni, si karibu sana, si mbali sana,
pale ninapoweka hamira iamke.
Nayo hamira haijawahi kunikojolea.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
nilimwambia siku ya tatu.
Akapiga chafya. Maziwa yakamtoka puani.

Nina ubao wa madeni pale dirishani.
Mzia, mikate kumi na minne.
Dereva wa basi la Tskaltubo, sita.
Chini yao nikaandika kwa chaki: 118. 125. 131.
Wateja wakauliza, ni nani huyu asiye na jina,
deni lake linapanda kila siku
na bado unamkopesha?

Siku ya tisa mizani ikasema 127.
Nikafuta sahani yake kwa aproni, nikapima tena.
127.
Usiku ule niliunguza mikate ishirini
nikiwa nimemtia ndani ya shati,
manyoya yake juu ya mvi za kifua,
moyo wake ukienda kama cherehani isiyo na mshonaji.
Sikuomba. Mimi na maombi tuliachana
kwenye wodi aliyolala Natela.
Nilihesabu tu: tone, meza. Tone, meza. Tone,
meza basi, mkaidi we,
meza.

Akameza.

Jicho la kushoto lilitangulia kufumbuka,
samawati iliyochujuka, ya shati lililofuliwa mno.
Likanitazama tangu kofia hadi ndevu.
Sikuona kama limevutiwa.

Kisha ubao ukajaa. 168. 181. 195.
Hapakubaki pa kuandika, palibaki pa kufuta.
Nikayasoma majina, nikalowesha kitambaa,
nikalifuta la Mzia. Ndilo lililochukua nafasi kubwa,
nilijiambia.

Jumamosi akaja, pensheni imekunjwa ndani ya glavu.
Akajitafuta ubaoni, miwani juu, miwani chini.
"Deni langu liko wapi?"
Nikamwonyesha kikapu.
"Amelila."

Hakucheka. Alichungulia kikapuni
mpaka foleni nyuma yake ikaanza kukohoa.
Akavua glavu moja, ya sufu, ya mkono wa kushoto,
akamfunika nayo,
akaondoka na mkate wake kwapani,
mkono mtupu mfukoni.

Leo ni 240.
Glavu imekwisha kukojolewa.
Baridi bado ni ya mwezi mzima,
na sijui sasa
nani anamdai nani.